Masuwa ilipunguza batu, bisi yetu je?
Ndugu wafanyakazi, mu mwezi wa nane wa 2020 masuwa kubwa MSC Grandiosa ilitoka Genoa, mu Italia, na jamaa zenye kwenda kutembea. Kila mutu alipimwa corona mbele ya kupanda, na nafasi zilijazwa asilimia 70 tu. Baba alilala na bibi na batoto wake.

Sisi huku Katanga, wengi toka mwezi wa tatu wa 2020 tulifungiwa ku mine, bibi na batoto walibaki ku cité. Na bisi ya kutupeleka ku kazi ilijaa mpaka ku mulango!

Hatukukataa kupimwa. Tuliuliza tu: kama nafasi ilipunguzwa kwa mwenye kutembea, mbona haikupunguzwa kwa mwenye kuchimba? Mutu mumoja, kiti kimoja. Na siku ya kurudi nyumbani iandikwe.