Kinyonga wa Meru na Hatari ya Uchotara

Wafugaji wa nyoka wa Ulaya na Marekani wana ubishi wa siku nyingi juu ya boa, yule nyoka mkubwa wa Marekani ya Kati na ya Kusini. Je, boa wa Suriname na boa wa Kolombia wahesabiwe kuwa wamoja au mbalimbali, na yafaa kuwapandisha? Kwetu ubishi huo waweza kuonekana kuwa ni anasa ya watu walioshiba. Lakini sisi wakazi wa Arusha tunalo jambo la namna iyo hiyo mlangoni petu, nalo ni la kinyonga wa pembe tatu wa Mlima Meru.

Kinyonga huyu ni wa spishi iliyotangazwa na Boulenger mwaka 1896, ambayo leo huitwa Trioceros jacksonii. Dume ana pembe tatu usoni. Jike hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai kama boa afanyavyo. Mwaka 1958 mtaalamu Rand alionyesha kwamba kinyonga wa Meru ni mdogo wa umbo na ana alama zake mwenyewe, akampa cheo cha nususpishi na jina la merumontanus, yaani wa Mlima Meru. Nususpishi ya Mlima Kenya, xantholophus, haikupewa jina mpaka mwaka 1988.

Msomaji na autazame vizuri mwaka huo. Mnamo 1972 kinyonga kadhaa wa namna hiyo ya Mlima Kenya walipelekwa Hawaii kwa biashara, wakaachiwa bustanini katika kisiwa cha Oahu, wakazaana na kuenea. Kwa hiyo kwa muda wa miaka 16 viumbe hao walikuwa wakitambaa katika nyua za watu wa ng'ambo, hali sayansi haijawapa jina hata kwao walikotoka. Laiti wangalichanganywa bustanini humo na kinyonga wa Meru, mtaalamu wa 1988 angalikuta machotara tu, wala asingaliweza kusema kipi ni cha mlima upi.

Wapo wasemao kwamba nususpishi ni maoni ya mtu tu, na kwamba majina hubadilika kila wataalamu wanapokutana. Ni kweli kwa kiasi fulani. Jina Trioceros lenyewe lilipandishwa kuwa la jenasi mwaka 2009. Kabla ya hapo wote waliitwa Chamaeleo. Kinyonga mwingine wa Meru, sternfeldi, aliuzwa kwa miaka mingi katika maduka ya ng'ambo kwa jina la rudis, ambalo ni la ndugu yake wa milima ya Ruwenzori. Nilipokuwa masomoni huko niliwahi kumwona mmoja dukani: kibandiko chake kilitaja bei mpaka senti ya mwisho, na juu ya asili yake kilisema «Afrika».

Lakini jina likibadilika, mlima haubadiliki. Misitu ya Meru, mlima wenye kimo cha meta 4,566, ni kama kisiwa kilichozungukwa na nyika kavu ambayo kinyonga wa msitu wenye unyevu hawezi kuivuka. Kutoka hapa hadi Mlima Kenya ni kilometa zipatazo 350. Tofauti zilizojengeka kwa vizazi visivyohesabika huvunjwa kwa mimba moja. Mtoto wa kwanza huwa na nusu ya damu ya Kenya. Apandishwe kwa Meru halisi, na mtoto wake vivyo hivyo, na mjukuu vivyo hivyo, bado kwa wastani itabaki sehemu moja katika 16, na kwa macho hutaitambua.

Wafugaji hujitetea kwamba kundi dogo likizalishana ndugu kwa ndugu hudhoofika, na kwamba damu ngeni huliponya. Hoja hiyo ina uzito, na mkulima yeyote wa Tengeru aliyefuga ng'ombe anaijua. Hata hivyo dawa yake ni damu nyingine ya Meru. Na hapo ndipo penye tatizo. Biashara ya kinyonga imedhibitiwa kwa mkataba wa CITES tangu 1977, na mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mimi siulaumu uamuzi huo. Wengi walikuwa wakifia njiani. Ila tujue matokeo yake: mfugaji wa ng'ambo aliyebakiwa na majike wawili wa Meru hushawishika kuwapandisha kwa dume yeyote mwenye pembe tatu. Basi tusijifariji kwamba, msitu wetu ukiungua, tutarudishiwa kinyonga wetu kutoka huko.

Kundi la akiba lapaswa kukaa hapa. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori ina makao yake Arusha. Chuo cha Nelson Mandela kipo Tengeru na kina wanafunzi wa sayansi za viumbe. Meserani, mwendo wa kilometa 25 hivi kutoka mjini, watu wamezoea kutunza nyoka na kuwaonyesha wageni. Sioni kwa nini hawa wasikae meza moja. Gharama kubwa si vizimba, maana kinyonga ataishi vyema nje katika hewa yake mwenyewe, bila taa na mashine anazohitaji huko Ulaya. Kazi ngumu ni daftari. Kila mnyama aandikiwe tarehe aliyookotwa, kimo cha mahali, na upande wa mlima, Olmotonyi au Ngurdoto, kwa sababu hatuwezi kuchukulia bila kupima kwamba hata pande hizo mbili ni mamoja. Kila mtoto aandikiwe mama na baba. Asiyejulikana alikotoka atunzwe kwa wema, aonyeshwe watoto wa shule, lakini asizalishwe.