Wauza Programu Waanze na Mlango wa Kutokea

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Matasia, kwenye barabara ya kutoka Ngong kwenda Kiserian, huandika madeni ya mafundi katika daftari la jalada gumu. Akija kijana na simu kubwa kumweleza kuwa programu mpya itamtunzia stoki na wadeni, jibu huwa fupi: arudi wiki ijayo. Wauzaji huliona jibu hilo kuwa ushamba. Wanakosea.

Mwaka 2023 Sendy, kampuni ya kusafirisha mizigo, ilisambaratika. Mwaka uliofuata MarketForce ikaizima RejaReja, ambayo wenye maduka waliitumia kuagiza bidhaa kwa simu, na Mei 2024 Copia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, ikakabidhiwa kwa wasimamizi. Zote tatu zilikuwa zimechangiwa mamilioni ya dola. Basi anayejinadi kwa ukwasi wa wawekezaji wake hajaigusa hofu ya mteja hata kidogo. Mteja anataka kujua hesabu zake zitabaki kwa nani kampuni ikifa.

M-Pesa ilikuwa na jibu la swali hilo tangu ilipozinduliwa, Machi 2007. Fedha za wateja hazikuchanganywa na za Safaricom. Ziliwekwa katika akaunti ya amana benki, Commercial Bank of Africa, ili wadai wa Safaricom wasiweze kuzigusa. Kwa wakala, mteja alipokea ujumbe papo hapo na bado akatia sahihi kwenye kitabu cha karatasi. Kitabu hicho, ambacho wajuzi wa kompyuta wangekicheka, kilifanya kazi kubwa. Na mabenki yalipolalamika mwishoni mwa 2008, Wizara ya Fedha iliagiza ukaguzi, na Januari 2009 ikatangaza kuwa huduma ni salama.

Kampuni changa haina ukubwa wa Safaricom, lakini mbinu yenyewe inaigika. Daftari na liende sambamba na programu mpaka mwenye duka mwenyewe alifunge. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kusifu chochote, muuzaji amwonyeshe namna ya kutoa orodha yote ya bidhaa na madeni katika faili linalofunguka bila programu hiyo, kisha ahadi hiyo iandikwe kwenye mkataba. Simu nayo ipokelewe Jumamosi jioni, duka likiwa limejaa na stima imepotea.

Tena wadeni ni majirani, na taarifa zao zinahitaji kulindwa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizotoka kwa wengine na kuwatumia vitisho. Programu isiyohitaji orodha ya namba zilizo kwenye simu ya mteja isiiombe.

Wabaya zaidi ni wanaouza kwa kutisha. Tangu Januari 2024, kwa kawaida gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), haikubaliwi katika hesabu za kodi, na wapo wanaolitumia jina la KRA kama rungu. KRA yenyewe inatoa njia za bure za kutengeneza ankara hizo. Muuzaji alitaje hilo mapema, kisha aeleze programu yake inaongeza nini cha kulipiwa. Akinyamaza, mwenye duka la dawa za mifugo wa mlango wa pili atalisema bila kuombwa.