Askari Mgeni na Kiti cha Baraza



Katika mazungumzo yetu hapa Tarakea limezuka neno ambalo naona halifai kupita hivi hivi, nalo ni kwamba askari polisi, na zaidi akiwa mgeni katika nchi anayoitumikia, hana haki yo yote ya kuingia katika siasa. Wasemao hivyo humtaja Bwana Edington Kisassi, Mchagga wa mlima wetu huu, aliyetumika katika polisi ya Unguja, na baada ya mapinduzi ya 12 Januari 1964 akawa Kamishna wa Polisi na mjumbe wa Baraza la Mapinduzi. Wengine humsifu, wengine humlaumu. Mimi nasema tutazame kwanza jinsi askari mgeni alivyotiwa siasani.

Polisi ya Unguja zamani za Waingereza ilikuwa na watu wengi wa bara. Watawala wengi humpenda askari mgeni, maana hana jamaa mtaani wa kumlegeza mkono. Hata ulipokuja uhuru, 10 Desemba 1963, serikali ya Bwana Mohamed Shamte iliwatilia shaka watu hao, ikawaondoa wengi kazini, wala haikuwasafirisha kurudi makwao.

Sasa, Bwana karani, wewe uzijuaye kanuni za utumishi, hebu fikiri. Mtu amefundishwa bunduki, azijua zamu za walinzi na mahali silaha ziwekwapo. Kisha avuliwa sare na kuachwa Ng'ambo hana mshahara wala nauli. Jana alikuwa mtumishi mwaminifu, leo aambiwa ni mgeni. Mwezi mmoja na siku chache baadaye bohari za silaha za Ziwani na Mtoni zilitekwa usiku, na miongoni mwa walioingia walikuwamo askari hao walioachishwa. Mkubwa wao, John Okello, naye alikuwa mgeni, Mlango wa Uganda aliyefanya uashi Pemba. (Mwashi kugeuka Fildi Marshali ni ajabu, lakini si habari yetu leo, na kabla mwaka ule haujafika kati, yeye naye alikatazwa kurudi Unguja.) Siitetei damu iliyomwagika siku zile, maana wengi waliouawa hawakuwa na kosa. Nasema tu kwamba barua ya kumwachisha mtu kazi yaweza kuwa na uzito kuliko hotuba ya mwanasiasa.

Walakini siwafuati wanaosifu bila kipimo. Baraza la Mapinduzi lilitunga sheria na pia kuzitimiza, na Unguja haikuwa na Baraza la Wawakilishi mpaka mwaka 1980. Kamishna akikaa katika baraza la namna hiyo, aliyekamatwa na polisi apeleke wapi malalamiko yake? Simlaumu mtu, nalaumu viti viwili kukaliwa na mtu mmoja. Tangu mwaka 1992 Katiba ya Muungano inamkataza askari kujiunga na chama cha siasa, ila kura yake anayo, nami naona ni haki. Atakaye siasa na arudishe mkanda na kofia kwanza.

Lakini katazo hilo lina deni upande wa pili. Waingereza nao mwaka 1953 waliwakataza watumishi wa Tanganyika kuwamo katika T.A.A., na makarani wengi wakanyamaza kwa ajili ya mishahara yao. Serikali imwambiayo mtumishi asiguse siasa yapasa nayo isimguse kwa ajili ya kabila au mahali alipozaliwa. Sisi wa Tarakea, ambao Loitokitok ni safari ya sokoni tu, twajua jinsi mtu awezavyo kuwa mwenyeji asubuhi na mgeni jioni.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri iweke katika mkutano ujao shauri hili: kila mwanachama aliyetoka mbali aandikiwe katika mkataba wake nauli ya kurudi kwao, yeye na mke na watoto, na muda wa kupewa notisi, kabla hajatia sahihi.

Karani, Tarakea