Mcheza Hutuzwa, Na Aliyemwona?

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Methali hii ni ya kweli, lakini haituambii lolote kuhusu yule aliyemwona mchezaji huyo angali kijana asiyejulikana na kusema, "Huyu atafaa." Je, naye hutuzwa? Makala haya yanadhamiria kulijadili swali hilo kwa kurejelea mpira wa magongo wa barafuni, hususan ligi ya NHL ya Kanada na Marekani. Msimamo wetu ni kwamba malipo ya wasaka vipaji katika ligi hiyo hufichwa, na kwamba kinachofichwa ni vigumu kukipigania. Yafaa yatangazwe.

Awali ya yote, tukubaliane kuhusu istilahi. Neno "skauti" katika Kiswahili limekwisha kumilikiwa na vijana wenye sare na skafu shingoni. Tunayemzungumzia hapa ni msaka vipaji: mtu aliyeajiriwa na timu azuru viwanja vya miji midogo, aghalabu katika majira ya baridi kali, kuwatazama wavulana wa umri wa miaka 17 au 18 wakicheza. Huandika ripoti, huendesha gari hadi mji unaofuata, kisha hutazama tena. Ikiwa kuna anayestahili kuambiwa kuwa mtembezi hula miguu yake, ni huyu. Mara moja kwa mwaka timu zote huwateua vijana hao kwa zamu, na hapo ndipo kazi yake ya mwaka mzima hupimwa.

Tuchukue mfano wa Ken Holland, mzaliwa wa Vernon, British Columbia, nchini Kanada. Alikuwa mlinda lango, na katika maisha yake yote ya uchezaji alishiriki michuano minne tu ya NHL: mmoja akiwa na Hartford na mitatu akiwa na Detroit. Mwaka wa 1985, uchezaji ulipokuwa umemwishia, timu ya Detroit Red Wings ilimpa kazi ya kusaka vipaji magharibi mwa Kanada. Alipanda ngazi hatua kwa hatua hadi akawa meneja mkuu mwaka wa 1997, na chini ya uongozi wake timu hiyo ilitwaa Kombe la Stanley mwaka wa 1998, 2002 na 2008. Alipohamia Edmonton Oilers mwaka wa 2019, vyombo vya habari viliripoti kuwa alipewa mkataba wa miaka mitano wa takriban dola milioni 5 kwa mwaka. Mwaka wa 2020 aliteuliwa kuingia katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo.

Anayesoma wasifu huo kwa haraka atadhani kwamba kusaka vipaji ni njia ya mkato ya kufikia utajiri. La hasha! Kiasi kilichoripotiwa ni cha meneja mkuu, na wala si cha msaka vipaji. Aidha, kilikuja miaka 34 baada ya Holland kuanza kazi. Kila timu ina meneja mkuu mmoja, ilhali wasaka vipaji ni wengi, na walio wengi miongoni mwao hustaafu wakiwa wangali wasaka vipaji. Kuyapima mapato ya kundi zima kwa kumtazama aliyefika kileleni ni sawa na kukadiria mvua ya mwaka kwa tone moja.

Ugumu unazidi tunapotaka kujumlisha mapato ya mtu katika maisha yake yote ya kazi. Kwa mchezaji, hesabu hiyo ni rahisi kwa kuwa mikataba yake hujulikana. Henrik Zetterberg aliteuliwa na Detroit mwaka wa 1999 akiwa wa 210. Mwaka wa 2009 alitia saini mkataba wa miaka 12 wenye thamani ya dola milioni 73. Pavel Datsyuk aliteuliwa mwaka wa 1998 akiwa wa 171; mwaka wa 2007 alipata mkataba wa miaka saba wa dola milioni 46.9. Timu nyingine zote ziliwapita vijana hao zamu baada ya zamu. Aliyewaona ni Håkan Andersson, Mswidi aliyeisakia Detroit vipaji barani Ulaya. Mashabiki wanaweza kutaja kila dola waliyolipwa wachezaji hao wawili, lakini mshahara wa aliyewaona hauwekwi katika orodha yoyote ya umma. Kinachojulikana cha upande mmoja ni mamilioni. Cha upande wa pili ni kimya.

Yamkini msomaji atauliza: kimya hicho kina madhara gani? Historia ya wachezaji wenyewe inatoa jibu. Kabla ya mwaka wa 1990, wao pia hawakujua wenzao walilipwa kiasi gani. Kila mmoja aliingia katika majadiliano akiwa gizani, huku mwajiri akizijua takwimu zote. Chama chao kilipoamua kuiweka mishahara wazi, hali ilibadilika. Katika muda wa miaka mitano wastani wa mishahara ulipanda zaidi ya maradufu. Ni kweli kuwa uongozi mpya wa chama na kukua kwa biashara ya mchezo pia vilichangia. Hata hivyo, hakuna anayeweza kudai alingane na mwenzake ikiwa hajui mwenzake anapata nini. Wasaka vipaji hawana chama cha namna hiyo hadi leo, na wangali gizani.

Isitoshe, thamani ya kazi yao imeongezeka. Tangu msimu wa 2005-06 ligi imeweka kikomo cha jumla ya mishahara ya wachezaji wa kila timu. Kikomo hicho kilianza na dola milioni 39 na kufikia dola milioni 95.5 katika msimu wa 2025-26. Timu tajiri haiwezi tena kununua kila nyota inayemtaka. Kwa hivyo kijana bora aliyeteuliwa zamu za mwisho, ambaye mkataba wake wa kwanza una malipo yaliyodhibitiwa, ni hazina kubwa. Mishahara ya wasaka vipaji haihesabiwi katika kikomo hicho, na hivyo hakuna kanuni inayoizuia timu kuwalipa vizuri. Kinachozuia ni desturi.

Wapo watakaopinga. Watasema kuwa usakaji wa vipaji ni kubahatisha, kwa maana vijana wengi wanaoteuliwa hawafiki popote, na kwamba mchezaji hulelewa na makocha pia. Hoja hizi zina uzito. Lakini hatudai kwamba aliyemwona Zetterberg apewe fungu la dola milioni 73. Tunadai kwamba viwango vya malipo vijulikane, angalau kwa madaraja ya kazi bila kutaja majina, ili anayeingia katika kazi hii ajue anaingilia nini, na anayeifanya kwa miaka 30 ajue kama amepunjwa.

Suala hili si la mbali kama linavyoonekana. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari jijini Nairobi ulianza kutumika mwaka wa 2005, na mwaka wa 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshirika wa shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Ikiwa siku moja kijana wa Nairobi atavuka hadi ligi kubwa, kuna mtu atakayekuwa amesimama pembeni mwa barafu akimwandikia ripoti. Mkataba wa kijana utachapishwa magazetini, nasi tutaushangilia. Ni haki tuulize pia aliyeandika ripoti hiyo alilipwa nini, na tusikubali kuambiwa kuwa hilo halituhusu.