Ugonjwa Una Mwenyewe



Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, jina lake likavuma akiwa huku Marekani. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni picha 12 za mwaka 2006 zenye jina la kitabibu, kuhusu aina za uvimbe wa kizazi. Alichukua michoro ya kale ya vitabu vya udaktari, akabandika juu yake macho na midomo iliyokatwa magazetini, ikawa sura za wanawake. Wapo watakaouliza: ya nini kufukua machukizo hayo?

Mimi ni nesi, na jibu langu ni hili. Michoro ya namna ile ilibakiza ugonjwa ikamtupa mgonjwa. Tena udaktari wa akina mama una deni. Kati ya 1845 na 1849, huko Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara kwa mara wanawake watumwa, wakiwemo Anarcha, Betsey na Lucy, bila nusukaputi. Yeye akawekewa sanamu New York. Iliondolewa Central Park mwaka 2018 tu.

Mutu hakuificha michoro ile wala hakuisafisha. Aliirudishia uso, nao unatukodolea macho.

Leo simu zetu ndizo zinazochora. Unayerusha picha ya kidonda cha mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ni kwa kuchangisha, jiulize: mwenye mwili ameridhia?