Permi Hainunuliwi: Tujifunze, Tupite Mara ya Kwanza

Wandugu, wadada, makamarade wa Butembo, Beni, Bunia na kwingine,

Leo hatuandiki juu ya gavana wala juu ya mbunge. Tunaandika juu ya sisi wenyewe, na juu ya ile kikaratasi yenye tunabeba mfukoni: permi ya kuendesha.

Katika kikao chetu cha mwisho tuliuliza swali moja tu: kati yetu wenye kuendesha moto ao gari, nani alifanya mtihani kweli? Mikono yenye ilipanda ilikuwa michache. Mmoja akasema bila haya: "Miye nilitoa picha na franga, kiisha permi ikanifikia nyumbani." Tukacheka. Halafu kamarade mwingine akasimama. Yeye pia alinunua. Miezi michache imepita, akiwa anashuka mlima na mvua inanyesha, alikamata freni ya mbele peke yake. Moto ikateleza, ikagonga mtoto mwenye alikuwa anatoka masomo. Mtoto akavunjika mguu. Baba ya mtoto hakupiga kelele. Alimuuliza kitu kimoja: "Nani alikufundisha?" Kamarade wetu hakuwa na jibu. Na sisi pale kikaoni, hakuna mwenye alicheka tena.

Tunatembea na mabango tukisema rushwa inaua. Ni kweli, inaua. Lakini permi ya kununua ni rushwa yenye tunabeba sisi wenyewe, na tunaipandia barabarani kila siku. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilihesabu watu karibu 1,190,000 wenye walikufa barabarani duniani mwaka wa 2021. Linasema pia kwamba ajali za barabara njo zinaua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko kitu kingine chochote. Zaidi ya nusu ya wale wenye kufa ni watu wa miguu, wa baiskeli na wa moto. Yaani, ni watu kama sisi. Hapa kwetu tumezoea kuhesabu wenye wamekufa kwa risasi na kwa panga. Wale wa barabara tunawazika tu, bila hata kuhesabu.

Tunajua vile mutatujibu: "Hata ukijua sheria, watakuangusha mpaka utoe kitu. Basi afazali kununua mapema." Hatuwezi kusema kwamba ile haifanyikake. Lakini tufikiri kidogo. Mwenye alinunua permi hamalizi kulipa. Akifika kwenye barieri, anaambiwa "umevunja sheria". Hajui ni sheria gani, hajui kama ni kweli. Anatoa franga. Kesho, vile vile. Mwenye alisoma anaweza kuuliza kwa heshima: "Shefu, nimekosa nini? Kama ni kosa, niandikie." Ile haimalize rushwa yote, lakini inafunga mlango moja. Permi ya kununua inaacha ile milango yote wazi.

Kwa ile, tunasema: tujitayarishe muzuri, tupite mara ya kwanza. Kila mara unarudilia mtihani ni franga zingine, ni siku zingine, na ni nafasi ingine ya mutu kukuambia "tuelewane". Mwenye anafika akijua kazi yake anaacha sababu kidogo sana za kumuangusha.

Tuanze na sheria. Sheria yetu ya barabara ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, na ni wachache wenye wameishasoma hata ukurasa moja. Iko kwa Kifaransa, basi tuisome kwa vikundi vya watu watano: mmoja anasoma, mwingine anaeleza kwa Kiswahili ao Kinande. Alama tuzijue kwa umbo lao. Pembetatu yenye inatazama juu inaonya hatari. Pembetatu yenye imepinduliwa inasema: acha wengine wapite. Mduara wenye mzunguko mwekundu unakataza, mduara wa bluu unalazimisha. Stop ya pembe nane maana yake ni kusimama kabisa, hata kama hauone mutu. Na kwenye njia panda yenye haina alama wala polisi, mwenye anatoka kuume kwako anapita kwanza. Haiko mwenye klakso kubwa, haiko mwenye gari mupya. Ni mwenye kutoka kuume.

Kiisha, gari zetu. Congo tunatembeza upande wa kuume. Lakini gari nyingi za kwetu zinatoka Mombasa, zinapita Kampala, zinaingilia Kasindi, na volani yao iko kuume, juu zilitengenezewa inchi zenye kutembeza kushoto. Hapa kwetu dereva wa ile gari anakaa karibu na mutaro. Akiwa nyuma ya lori, haone kinachokuja mbele. Basi usikaribie lori sana: baki nyuma, utaona mbali zaidi. Kama hauone, usipite. Na usiamini tu konvwayeri mwenye anakuambia "ingia, njia iko wazi". Kama gari yenye utafanyia mtihani iko na volani ya upande ingine, omba kujizoeza nayo mbele ya ile siku.

Mazoezi nayo hayanunuliwi. Mji wetu ni wa milima, na wengi wanaangukia pale pale: kuondoka kwenye mlima bila gari kurudi nyuma. Vuta freni ya mkono, achilia ambreyaji polepole mpaka usikie gari inataka kwenda, ongeza mafuta kidogo, halafu njo ushushe freni. Fanya mara ishirini, si mara mbili. Jizoeze kurudi nyuma ukitumia vioo na kugeuza kichwa. Kwa wamotari: punguza mwendo mbele ya kona, si ndani ya kona, na tumia freni zote mbili, polepole, zaidi kwenye udongo wenye mvua. Mujue pia hii: ukiwa kwenye 50 kwa saa, sekunde moja ya kutazama telefone ni karibu metre 14 zenye umetembea kama kipofu. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, freni inahitaji njia mara ine ili gari isimame.

Siku ya mtihani, lala mapema na ufike mapema. Zunguka gari, tazama pneu na taa. Ukiingia, kiti, vioo, mukaba, kiisha njo mote. Ukikosea, usipanike: rekebisha, endelea. Lipa kwenye wanapashwa kulipwa tu, na udai karatasi ya malipo. Usiende peke yako. Ukianguka, uliza kwa heshima umekosea wapi, andika tarehe, saa na maneno yenye uliambiwa. Kuanguka si haya. Wakikuomba kitu, kataa, kiisha uje utuambie. Mutu moja analalamika, watu makumi mbili wenye wameandika wanasikiwa.

Kwa wakubwa tunaomba vitu vyenye haviombe budjeti: bei zibandikwe kwenye mlango, mtihani ufanyikie pahali watu wanaona, na mwenye ameanguka aelezwe sababu kwa maandishi.

Kwa sisi wenyewe, tumeamua. Kuanzia leo, hakuna mwenye ataendesha moto ao gari katika kazi za harakati kama hajafanya mtihani. Wenye tulinunua, tunarudi kwenye masomo. Yule kamarade ameishaanza. Kila siku ya posho anaenda kumwangalia yule mtoto, kiisha anaenda kujifunza.

Siku ingine mutu akituuliza nani alitufundisha, tuwe na jibu.