Neno la Mhariri: Mlango wa Mlimani na Wanaobaki Ndani

Mlango wa siri mlimani, wenye almasi nyuma yake, una kielelezo mashuhuri katika Kiswahili: Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929 kutoka riwaya ya H. Rider Haggard ya 1885. Waandishi wa riwaya za ajabu wameurithi mlango huo pamoja na mizigo yake: hazina imeshakusanywa, mlinzi ni bikizee mchawi, na mgeni ndiye wa kuibeba. Mjadala kuhusu riwaya za namna hiyo kutoka Shinyanga na Geita umeng'ang'ania fumbo la kuufungua mlango. Jambo zito zaidi ni nani anayebaki ndani unapofungwa.

Riwaya ya Haggard yenyewe inalionyesha. Gagool, bikizee mchawi wa riwaya hiyo, anaushusha mlango wa jabali, nao unamponda. Wageni watatu wanabaki gizani na almasi zisizolika. Kinachowaokoa ni hewa. Wanatambua kwamba haijachafuka, wanatafuta inakoingilia, wanatoka. Kurasa hizo ndizo zenye uhai kuliko zote kitabuni, na ndizo zinazoigwa kwa nadra.

Kanda ya dhahabu ina milango yake. Huko Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, duara, yaani shimo la uchimbaji, liliporomoka na wachimbaji watano wakapatikana hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Huko Nyarugusu na Rwamgasa, Geita, mchimbaji hushuka kwa kamba, kuta zikishikiliwa na magogo yaitwayo matimba, na mawe yakishapanda juu huwa na wadai wake: mwenye leseni, mwenye duara, wachimbaji. Mlango wa kubuni usio na hewa, matimba wala mgawo ni pambo tu. Hata mlima si lazima. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, aliyoigundua John Williamson mwaka 1940, ilikuwa chini ya tambarare. Kilichoitenga na majirani zake ni uzio, walinzi na sheria. Mwandishi anayeinua kilele cha theluji Shinyanga ili apate mahali pa kufichia utajiri ameuruka uzio huo bila kuuona.

Kuhusu ufunguo, toleo hili lina msimamo. Katika miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliuawa Kanda ya Ziwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati, machimboni na kwingineko. Kwa hiyo riwaya inayofungua mlango kwa damu ya binadamu, kisha ikampa shujaa dhahabu, inaurudia uongo ulioua. Kafara inaweza kuandikwa, mradi hadithi ionyeshe uovu wake, ikae na familia ya aliyeuawa, na imnyime muuaji malipo. Mhariri yeyote anao wajibu wa kudai hayo.

Makala ya kwanza ya toleo hili inachambua tumbo la Shing'weng'we, zimwi la Wasukuma lililomeza watu mpaka Masala Kulangwa akalipasua wakatoka. Ndiyo inayokaribia zaidi hoja ya nani anayebaki ndani, kwa kuwa waliomo ndani wanahesabiwa. Ya pili inalinganisha pango la Ali Baba na hadithi za majabali yanayofunguka kwa wimbo. Ya tatu inatetea milima ya kubuni isiyofanana na mahali popote, nayo imechapishwa ili ijibiwe. Hadithi fupi mbili zinafuata, zote zikisimuliwa na watu waliomo ndani ya mlima.